Sheda: Tuanze na Kanga Jamani



Tangu WebGL itoke mwaka 2011, kuchora picha zinazocheza ndani ya brauza hakuhitaji kununua programu yoyote. Unaandika maandishi, kadi ya picha inachora. Sasa wengi wetu tunachofanya ni kuingia Shadertoy, tunachukua bahari ya mtu, tunabadili rangi, basi tumeshakuwa mafundi! Mi naona hapo hujajifunza kitu. Siku ya usaili ukiulizwa mstari wa tatu unafanya nini, utabaki kutoa macho.

Chukua kanga. Sheda ni swali moja tu linaloulizwa kila nukta ya kioo: wewe uko hapa, uwe rangi gani? Kioo cha 1920 kwa 1080 kina nukta zaidi ya milioni 2, na hakuna inayojua jirani yake kajibu nini. Haya, nukta zote zilizo karibu na ukingo ziwe nyekundu. Pindo hilo. Zidisha x kwa 12, kisha kwa amri ya fract tupa namba nzima ubaki na desimali: korosho moja imekuwa korosho 12, zimejipanga. Katikati, kwenye mji, pima umbali kutoka kitovu upate duara. Na ile sine tuliyoikariri sekondari huku tunalalamika, ndiyo itakayoipeperusha kanga yako.

Jina ndilo litakutoa jasho, maana sheda haijui herufi. Liandike kwa HTML juu yake, hakuna atakayekushtaki.

Kazi yote hiyo ni maandishi ya kilobaiti chache. Mtumie dada yako Morogoro, bando lake halitashtuka. Ila muulize anaona nini, kwani simu nyingi huhesabu desimali kwa usahihi mdogo kuliko laptop yako. Namba ya muda ikishakuwa kubwa, mwendo unaanza kurukaruka. Dawa yake ni kuirudisha sifuri kila mzunguko ukiisha.

Anayetaka kitabu, The Book of Shaders cha Patricio Gonzalez Vivo na Jen Lowe kinasomwa bure kwenye intaneti.

Usiku wetu wa utamaduni ukutani huwa ni simba na jua linazama, kila mwaka. Projekta ipo. Nani analeta kanga?