Mgonjwa Aulizwe Pia Kuhusu Moto

Ushauri tunaowapa wagonjwa kuhusu nyama choma huishia kwenye chumvi, mafuta na kiasi. Ni nadra kumwuliza mtu anachoma kwa mkaa gani au kuni zipi. Kwa maoni yangu, swali hilo linastahili nafasi katika kila chumba cha daktari, kwani anayeuvuta moshi huo kutwa nzima si mlaji bali ni mchomaji.

Moshi hutofautiana kwa kadiri ya kinachoungua. Kuni mbichi huungua nusunusu na kutoa chembe laini zinazopenya hadi ndani kabisa ya mapafu. Miti yenye utomvu mwingi, kama misindano, hutoa masizi yanayoganda kwenye nyama. Mkaa wa miti migumu, mathalani migunga, ukiwa umeiva vyema na kukauka, hutoa moshi mchache zaidi.

Hatari kubwa imo katika mbao za bure: masalia ya ujenzi na vipande vya nguzo za umeme. Nyingi zimepakwa rangi au kutiwa dawa ya kuzuia mchwa. Baadhi ya dawa hizo zina aseniki, sumu isiyoteketezwa na moto. Hutoka na moshi na kubaki katika majivu. Natambua kuwa mkaa ni ghali, nazo mbao hizo hazinunuliwi. Hata hivyo, aliyekosa mkaa ni heri atumie vifuu vya nazi vilivyokauka kuliko mbao asizojua zilikotoka.

Wala makaa yasiyo na moshi yasituhadae. Hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoshikamana na hemoglobini kwa nguvu inayoizidi oksijeni zaidi ya mara 200. Jiko likiingizwa chumbani baada ya karamu na milango ikafungwa, waliolala huenda wasiamke.

Kwa hiyo, watu wa nyumba moja wakifika asubuhi na maumivu ya kichwa na kichefuchefu, tusikimbilie kusema ni malaria au chakula kibovu kabla ya kuuliza jiko lililala wapi. Kipimo cha oksijeni cha kidoleni nacho kisitutulize, kwa sababu huweza kuonyesha hali ya kawaida ilhali mgonjwa anazidiwa. Tumpe oksijeni, kisha tuwatafute waliobaki nyumbani.