Kipumulio cha Mzamiaji
Wakazi wa Mlimba na Ifakara, ambao Mto Kilombero huwalisha samaki na mara nyingine huwanyang'anya jamaa zao, yafaa wajue ya kwamba mzamiaji wa uokoaji, aingiapo katika maji yale ya tope, hutia kinywani kipumulio ambacho pengine jana kilikuwa kinywani mwa mwenziwe. Kukichovya katika dawa ya kuua vijidudu kabla ya kukisugua kwa maji safi na sabuni ni kazi bure, kwani tope na mate huidhoofisha dawa. Na kabla ya yote, kifuniko cha tundu la hewa kifungwe barabara, wala kitufe chake cha kupuliza hewa kisibonyezwe kipumulio kingali majini, maji yasije yakapenya ndani. Kisha kipumulio kisuuzwe na kukaushwa kivulini, maana jua huharibu mpira. Kwa rai yangu, kila mzamiaji apewe mpira wake wa kinywani. Gharama yake ni hafifu, na serikali haina udhuru.