Kifaa cha Shamba Kisiseme Kutwa

Wakulima wenzangu,

Kila tunapozungumza hapa Mumbuni juu ya vile vifaa vidogo vya kupima mvua na unyevu wa udongo, vipelekavyo habari kwa redio bila waya, swali huwa lile lile: "Mbona habari zinakawia saa nzima? Zisije kila dakika?" Mimi naona aulizaye hivyo anajitakia hasara, nami nitawaeleza sababu.

Kupima hakuli betri sana. Kusema ndiko kunakokula, na hata kusikiliza, maana redio iliyo macho ikingoja mwenzake aseme nayo yatumia nguvu. Kwa hiyo mafundi hukifanya kifaa kilale. Huamka, hupima, huweka hesabu, hulala tena. Kisha husema yote mara moja. Vituo vya hali ya hewa vya TAHMO, ambavyo vingi hapa Kenya vimesimamishwa katika viwanja vya shule, hupima kila dakika 5 lakini hupeleka habari kila saa kwa njia ya simu. Betri zake hutiwa nguvu na jua.

Sasa fikirini miezi ya Juni hadi Agosti, mawingu yanapofunika vilima vya Iveti toka asubuhi. Jua ni haba. Kifaa kisemacho kila dakika chaweza kuzimika wakati huo, na pengine mwenyewe asitambue mpaka mvua za Oktoba hadi Desemba, ambazo ndizo tunazozitegemea zaidi Ukambani. (Tena ifuteni vumbi ile sahani ya jua, wala msifunge mbuzi katika mlingoti wake.)

Lakini sikubaliani na wale wasemao kifaa kilale mchana na usiku ili betri idumu. Unyevu wa chini ardhini hubadilika polepole. Ukiletewa habari zake asubuhi na jioni, yatosha kukata shauri la kumwagilia. Mvua kubwa ni jambo jingine. Maji yaweza kubomoa matuta ya fanya juu kabla saa haijaisha. Basi kifaa kiagizwe hivi: siku za kawaida kinyamaze, na mvua ikizidi kipimo kiamke kiseme papo hapo. Nguvu iliyowekwa akiba ni ya siku hiyo.

Liko neno moja linalowahusu hasa ninyi wa skimu, ambao vifaa vyenu hupokezana habari toka ploti hadi ploti. Kile kilicho karibu na ofisi hubeba maneno ya wote, nacho huchoka kwanza. Kikifa, walio nyuma yake hawasikiki, hata kama betri zao zimejaa. Mwaka 2000 Wendi Heinzelman na wenzake wa chuo cha MIT, Marekani, walitoa mpango wa vifaa kushika zamu ya kukusanya habari za jirani. Sisi watu wa mwethya twaijua zamu. Lakini zamu haihamishi ploti; aliye karibu na ofisi atabaki karibu. Kwa hiyo nasema kifaa chake kipewe betri kubwa na sahani pana, na gharama yake ilipwe na wanachama wote, si mwenye ploti ile peke yake. Lisemeni hilo katika mkutano kabla fedha hazijatolewa.