Betri Isihukumiwe Kabla ya Kupimwa

Gari likikataa kuwaka asubuhi, wenye magari wengi hutoa hukumu papo hapo: betri imekufa. Gari husukumwa, mwenyewe huenda mjini, naye hununua betri mpya kwa fedha zilizowekwa kwa ajili ya mbolea au karo. Majuma matatu yakipita gari hukataa tena. Sasa ana betri mbili na ugonjwa ni uleule, na maziwa yaliyokuwa yafike mtamboni kabla ya jua kupanda yanaganda katika mikebe. Hasara hiyo yaweza kuzuiwa kwa mita ndogo ya kupimia umeme, ambayo bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya betri, pamoja na saa mbili za subira.

Yafaa betri ifikiriwe kama pipa la kukinga maji ya mvua. Pipa likikutwa tupu, huenda limetoboka. Lakini pia huenda mfereji wa bati hauleti maji, au bomba linavuja usiku watu wakiwa wamelala, au wenye nyumba wanachota kuliko mvua inavyonyesha. Anayenunua pipa jipya bila kutazama mfereji na bomba hakutengeneza kitu.

Betri ya kawaida ya gari ni ya risasi na asidi, jamaa ya ile iliyobuniwa na Mfaransa Gaston Planté mwaka 1859. Ina vyumba sita, na kila chumba hutoa volti mbili na kitu kidogo. Kwa hiyo betri iliyojaa, ikiwa imepumzika saa kadhaa, huonyesha volti 12.6 au zaidi kidogo. Ikionyesha 12.4, robo imekwisha, 12.2, imebaki nusu. Na ikifika 12.0 au chini, hiyo ni tupu kwa kazi ya kuwasha injini. Tofauti yaonekana kuwa ndogo, na ndiyo maana taa na honi haziaminiki kuwa kipimo: taa huwaka vizuri kwa betri isiyoweza kuzungusha injini hata mara moja. Kipimo kichukuliwe asubuhi kabla gari halijawashwa, kwa maana betri iliyotoka safarini sasa hivi hujisifu kuliko haki yake.

Baada ya hapo injini iwashwe, hata kwa kuazima umeme wa gari jingine, na betri ipimwe tena injini ikiunguruma. Sasa mita yapasa kuonyesha kati ya volti 13.8 na 14.7. Magari mengine ya siku hizi hupunguza kiasi hicho kwa makusudi kompyuta yake ikiona betri imeshiba, lakini betri iliyokuwa tupu sharti ionekane ikilishwa. Mita ikibaki kwenye 12 na kuendelea kushuka, alteneta hailishi: huenda ukanda wake umelegea, huenda waya wake umelegea au umeoza, huenda brashi zake zimekwisha. Mita ikipita 15, alteneta yalisha kupita kiasi, na maji ya betri huchemka yakaisha. Katika hali hizo zote mbili betri mpya itauawa kama ile ya kwanza.

Hapa lazima itajwe desturi moja mbaya. Mafundi wengi wa kando ya barabara hupima alteneta kwa kuchomoa waya wa betri injini ikiwa inazunguka, na injini isipozimika husema mtambo ni mzima. Jambo hilo lilivumilika katika zama za dinamo. Katika gari lenye alteneta na kompyuta, umeme huweza kuruka ghafula mpaka volti nyingi sana, na katika dakika moja fundi akaharibu vyombo vya thamani ya betri kumi. Mwenye gari akimwona fundi anashika spana kwa nia hiyo, amzuie.

Ikiwa alteneta ni nzima, basi utafutwe mvujo wa usiku, na hapa ndipo ilipo siri ya betri nyingi zinazokufa gari likiwa limelala. Gari lolote la siku hizi hunywa umeme kidogo hata likizimwa, kwa ajili ya saa, king'ora na kumbukumbu ya kompyuta. Kiasi kinachokubalika kwa kawaida hakizidi ampea 0.05. Betri ya ampea-saa 60 yaweza kuvumilia unywaji huo majuma mengi. Lakini taa ndogo ya buti ya wati 5, isiyozimika mfuniko ufungwapo, hunywa ampea 0.4, na kwa siku tatu humaliza nusu ya betri hiyo. Gari litumikalo kila siku huficha kosa hilo. Likikaa tangu Ijumaa jioni mpaka Jumatatu, aibu hutoka.

Kuutafuta mvujo, kila kitu kizimwe, milango ifungwe, na ufunguo uwekwe mbali na gari. Waya wa hasi ufunguliwe kwenye betri, na mita, ikiwa imewekwa kwenye ampea 10, iungwe kati ya waya huo na kichwa cha betri, ili umeme wote upite ndani ya mita. Ufunguo usizungushwe kamwe mita ikiwa hapo, maana fyuzi ya mita itakatika mara moja. Kisha subira: kompyuta za gari huchukua nusu saa au zaidi kabla hazijalala, na anayesoma mita mapema atadhani amemkamata mwizi kumbe ni mwenye nyumba. Ikiwa baada ya muda huo mita bado inaonyesha zaidi ya ampea 0.05, fyuzi zichomolewe moja moja. Ile ambayo ikichomolewa mita hushuka, njia yake ndiyo yenye mvujo. Zikichomolewa zote bila badiliko, yashukiwe mambo mawili: alteneta yenyewe, ambayo diodi zake zikiharibika hurudisha umeme nyuma usiku kucha, na vyombo vilivyoongezwa baadaye. Redio, king'ora na kifaa cha kufuatilia gari, vilivyofungwa kwa haraka na waya zilizounganishwa moja kwa moja kwenye betri, huiba umeme mara nyingi kuliko vitu vilivyotoka kiwandani.

Kuhusu matumizi: gari liendalo kilomita mbili alfajiri, taa zikiwa zimewashwa, kisha likasimama likinguruma polepole kwenye foleni ya maziwa, halirudishii betri umeme mwingi. Betri ikaayo siku nyingi ikiwa nusu huota chumvi ngumu juu ya bamba za risasi, na uwezo wake hupungua daima.

Ikiwa yote hayo ni salama, betri ijazwe kikamilifu, kisha ipimwe wakati starta inazungusha injini. Ikishuka chini ya volti 9.6 hivi, ni dhaifu kweli. Ikibaki juu na starta bado inavuta kwa uchovu, vitazamwe vichwa vya betri na waya unaokwenda kwenye bodi. Unga mweupe au wa kijani hapo huzuia umeme. Hufuliwa kwa maji yenye magadi, ambayo huua asidi, bila kuacha tone liingie vyumbani. Kisha hukaushwa na kupakwa grisi. Waya wa hasi ndio wa kutangulia kufunguliwa na wa mwisho kufungwa, na sigara isikaribie, kwa kuwa betri inayolishwa hutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka.

Joto ndilo linalodhoofisha betri, na baridi hufichua tu udhaifu uliokwisha kuwapo. Karani aliyehamishwa kutoka Mombasa kwenda Nyahururu asishangae gari lake likigoma asubuhi ya kwanza. Betri yake ilianza kuumia pwani, ila pwani injini hudai kidogo.

Betri iliyothibitika kuwa imekufa irudishwe kwa muuzaji pamoja na stakabadhi, kwa maana huenda muda wa dhamana haujakwisha, na kama umekwisha, risasi yake bado ina thamani. Isivunjwe nyumbani wala kuachwa shambani mahali ng'ombe hulamba. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliodhuriwa na risasi ya kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu, walipewa haki na mahakama mwaka 2020, miaka kadhaa baada ya kiwanda kufungwa na baada ya watoto wao kukutwa na risasi katika damu.