Mwizi wa Mchezo na Amri ya Saba



Mwanafunzi mmoja anatuuliza hivi: "Kuna mchezo ambamo kila mmoja hushika nafasi ya mtu mwingine: mfalme, askari, mchuuzi, hata mwizi. Mkristu akicheza mwizi, akatwaa mfuko wa mwenzake, je, amevunja amri ya saba?" Wazazi nao na wasikilize jibu, kwani watoto wao huenda kambini pamoja na wenzao.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Nchini Uingereza ulianza kuchezwa mwaka 1982 katika ngome ya Peckforton, huko Cheshire. Marekani kundi liitwalo Dagorhir lilikuwa limetangulia mwaka 1977. Leo umeenea Ulaya, na Ubelgiji pia, ambako jamaa nyingi za Kikongo zinakaa. Wachezaji hukaa porini siku mbili tatu, wamevaa mavazi ya kale na kushika panga za sponji. Hakuna maneno ya kukariri, wala hakuna watazamaji. Kila mmoja husema na kutenda kama yule mtu aliyemchagua.

Je, kucheza hivyo ni dhambi? Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyefariki mwaka 1274, alifundisha kwamba roho huchoka kama mwili uchokavyo, na mchezo huipumzisha; ila uwe wa adabu, upatane na watu na wakati. Tena hakuwalaumu waigizaji kwa kazi yao yenyewe. Basi kijana anayeigiza mwizi hawi mwizi kwa hilo.

Lakini wizi ni nini? Ni kutwaa mali ya mtu kinyume cha mapenzi yake ya haki. Hapo ndipo penye shina la jambo. Mchezaji aliyeleta sarafu za bati na hazina za uongo amekwisha kukubali kwamba zaweza kutwaliwa. Hakukubali kupoteza simu yake, wala dawa zake, wala joho ambalo mama yake alilishona mwezi mzima. Mwenye kuvitwaa hivyo na kusema, "Nilikuwa ninacheza," ameiba kweli, na jina la mchezo halimwondolei dhambi.

Kwa hiyo wasimamizi wenye busara huweka sheria kabla ya mchezo kuanza. Vitu vinavyoweza kuibwa hutiwa alama, kama vile utepe au karatasi. Kisicho na alama hakiguswi. Hema za kulala na mifuko ya safari haziingiliwi. Upanga wa ajabu ukiibwa, mara nyingi mwizi huchukua karatasi yake tu: mwenyewe hubaki na chombo alichokinunua, ila nguvu zake za hadithi zimehamia kwa mwizi. Naye mwizi humwarifu mwamuzi papo hapo, ili kitu kisipotee na mtu asisingiziwe.

Haki haiishii hapo. Wazee husema: za mwizi ni arobaini. Mchezo ukiwa wa siku tatu, siku za kumkamata ni chache mno. Kwa sababu hiyo ni lazima mwizi naye awe katika hatari. Aliyeibiwa apate njia ya kumfuata, kuwauliza mashahidi, na kumpeleka mbele ya mfalme wa mchezo. Mwizi anayeficha mali ndani ya motokari yake, au kumkabidhi rafiki anayerudi nyumbani, ameipeleka mahali ambapo mwenzake hawezi kuifikia. Huyo anapunja. Vivyo hivyo wachezaji wa zamani wakiwapora wageni kila siku, hata kama hawakuvunja sheria, wameuvunja upendo. Mwamuzi na awazuie.

Liko baya kupita hayo, nalo ni kunyamaza kwa aliyeonewa. Kijana aliyepotewa na kitu chake cha kweli huogopa kuchekwa na kuambiwa kwamba hajui mchezo. Hurudi nyumbani na uchungu moyoni, na urafiki umekufa. Mwamuzi amsikilize faraghani siku ileile, bila kumwaibisha mshitakiwa mbele ya wote. Kitu kikionekana, kirudishwe. Kikiwa kimeharibika, kilipwe. Kanisa linatufundisha kwamba toba ya mwizi huandamana na kurudisha alichotwaa. Naye aliyeibiwa kwa haki ya mchezo asiendelee kumchukia mwenzake baada ya mavazi kuvuliwa. Wale pamoja, wacheke pamoja.

Vijana wetu wa skauti, wanapovizia bendera ya kundi jingine kambini, sheria yao ni hiyohiyo. Bendera imewekwa ili itwaliwe. Viatu vya mlinzi wake havikuwekwa.

Enyi wazazi, mtoto akirudi kutoka kambini, fungueni mfuko wake pamoja naye. Mkikuta kitu kisicho chake, msianze kwa fimbo. Mwulizeni kwanza: "Mwenyewe alikubali?" Kama hakukubali, kirudishwe kesho asubuhi, na mtoto akipeleke kwa mkono wake mwenyewe.