Jalada lisilo na aya

Kwa miaka mingi majarida na vijitabu vyetu vya Kiislamu vimevaa vazi moja: rangi ya kijani, kuba, mwezi mwandamo, na juu kabisa aya kwa hati za Kiarabu. Ukivipanga kumi mezani hutambui kipi kinazungumzia mirathi na kipi funga. Hilo la kuchosha macho lingevumilika. Linalonitia uzito ni safari ya jalada hilo likishasomwa.

Nendeni gulioni hapa Lushoto msimu wa matunda. Matenga ya plamsi na mapeasi yateremkayo Mombo hutandikwa magazeti, na karanga hufungwa humo humo. Muuzaji simlaumu; kwake karatasi ni karatasi. Wa kuulizwa ni sisi tuliochapa jina la Allah juu ya kitu tulichojua kitatupwa, ilhali twaisoma aya ya 32 ya Suratul Hajj kuhusu kuzitukuza alama Zake.

Kwa hiyo nimependekeza kwamba kijarida cha madrasa yetu mwaka huu kitoke bila aya juu yake, na bila kuba. Pawe na picha ya matuta ya mashamba ya milimani kwetu, na neno moja kubwa: Mirathi. Hakuna kitabu cha fiqhi kilichowajibisha kuba juu ya jarida.

Mzee mmoja wa kamati alinijibu kwa hoja nzito. “Katibu mwanangu,” alisema, “Mtume (s.a.w.) alimwandikia Hirakli, mfalme wa Warumi asiye Mwislamu, barua yenye Bismillahi na aya ya Suratu Aal Imran. Sisi tuogope kuwaandikia Waislamu wenzetu?” Siipuuzi hoja hiyo. Lakini barua ile ilikuwa na mpokeaji anayejulikana, na ilipelekwa na Dihya al-Kalbi (r.a.), mjumbe aliyeaminiwa. Kijarida chetu hakina Dihya. Kikishatoka mlangoni hatujui kitalala wapi.

Tena desturi hii tunayoiona ya kale si ya kale sana. Vitabu vya wanazuoni wa zamani vilijaladiwa ngozi, na ulimi wa kukunjwa ukilinda ukingo wa kurasa. Jina la kitabu aghalabu liliandikwa kwenye ukingo wa chini, kwa sababu vitabu vililazwa. Ni kweli, aya ya 79 ya Suratul Waqia hupigwa chapa juu ya Mus-haf, lakini Mus-haf huwekwa rafu ya juu. Na mafundi wa Siyu, kisiwani Pate, katika karne za 18 na 19 waliipamba misahafu yao kwa nyekundu, njano na nyeusi, kwa mtindo wao wenyewe, wala hawakungoja ruhusa ya Istanbul wala ya Cairo.

Ndani ya kijarida aya zitatajwa kwa sura na namba, pamoja na tafsiri. Kiarabu kitawekwa pale tu somo linapokihitaji. Kwa kurasa hizo litawekwa sanduku mlangoni mwa msikiti, na kilichochakaa kitachomwa, kwa kufuata agizo la Sayyidna Uthman (r.a.) kuhusu nakala nyingine za Mus-haf, au kitazikwa, kama walivyopendelea baadhi ya wanazuoni.

Mzee wetu amekubali sanduku. Kuhusu kuba bado anang’ang’ania, na kikao kijacho ni baada ya Ijumaa.