Nani Mwenye Habari Zilizomo Damuni?

Safari hii safu yetu inaingia mahakamani, na kwanza tunaomba tusichanganye maneno. Hakimiliki ni ya mwandishi na kitabu chake. Hataza ni ya mvumbuzi: kwa kawaida, kwa miaka 20 tangu alipoiomba, anaweza kuwazuia wengine wasitumie uvumbuzi wake bila ruhusa.

Aliyepandikizwa moyo au figo humeza dawa za kutuliza kinga ya mwili. Zikipungua, mwili hukikataa kiungo kama mgeni. Zikizidi, maradhi mengine humwandama. Daktari atajuaje? Kwa moyo, desturi ilikuwa kupitisha mrija kwenye mshipa wa shingo hadi moyoni na kunyofoa vipande vidogo vya nyama, tena na tena.

Huko Chuo Kikuu cha Stanford, Stephen Quake, Thomas Snyder na Hannah Valantine walitafuta njia nyepesi zaidi. Seli za kiungo zinapokufa, vipande vya vinasaba vyake huingia kwenye damu. Vinasaba hivyo ni vya aliyetoa kiungo, si vya mgonjwa, kwa hiyo vinaweza kutenganishwa na kuhesabiwa. Vikiongezeka, huenda kiungo kinakataliwa. Mgonjwa anatolewa damu tu.

Stanford ikapata hataza, na kampuni ya CareDx ikapewa leseni. Mwaka 2019 CareDx iliwashtaki Natera na Eurofins Viracor, wenye vipimo vya namna hiyohiyo, katika mahakama ya Delaware. Ikashindwa 2021, ikashindwa kwenye rufaa Julai 2022, na Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuisikiliza.

Majaji walisema kwamba uhusiano wa vinasaba hivyo na kukataliwa kwa kiungo ni jambo la maumbile, halimilikiwi. Ikabaki namna ya kupima, na hapo wavumbuzi walifungwa na kalamu yao wenyewe: maandishi ya hataza yalieleza kuwa mbinu zile ni za kawaida, zinazojulikana na wataalamu. (Sisi tunaoandika tasnifu tunaijua sana sentensi hiyo.)

Hukumu hatuigombi. Damu ya mgonjwa ikisema jambo, haifai kampuni moja tu ndiyo iruhusiwe kuisikiliza. Lakini tunasita. Kuthibitisha kwamba habari hiyo inaaminika ilikuwa kazi kubwa kuliko kuipima, na sheria iliyowekwa na kesi ya Mayo na Prometheus ya 2012 haiipi kazi hiyo ulinzi. Mwaka 2015 Sequenom nayo iliangukia hapohapo, kwa kipimo cha vinasaba vya mtoto kwenye damu ya mama mjamzito.

Wenzetu wanaosoma sheria wanasema wavumbuzi wangeomba hataza ya mbinu mpya ya kupimia. Wa uuguzi wanauliza: je, kama mbinu mpya haikuhitajika? Walimu wetu, nafasi ya toleo lijalo tumewawekea.